Mbwa Aliyeridhika Mno

Kwanza ilikuwa mikoromo. Mpishi alikuwa bado anapapasa ukuta wa stoo kutafuta swichi ya taa, na mikoromo ikamfikia kutoka gizani, mizito, ya kuvuta na kuachia, kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya saruji. Akadhani ni mlinzi, kajificha tena nyuma ya magunia ya mchele chenga.

"Baba, kumekucha," akasema. "Waachie na wengine nafasi ya kulala."

Alipowasha taa hakuona mlinzi. Aliona mbwa, kajinyoosha ubavu kwenye sakafu tupu, ulimi nje, jicho moja halijafumba sawasawa. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa amemwacha mahali palepale, kwa mlalo uleule, jana saa tisa alasiri.

Huyu hakuwa mbwa wa kuzurura na kula makombo. Alikuwa na cheo. Kiwanda kizima kilimwita Bwana Mkaguzi, na kazi yake ilikuwa kuonja. Kiwanda kilitengeneza chakula cha mbwa, na kila kilichoiva jikoni, bakuli la kwanza lilikuwa lake. Utaratibu huo aliubuni tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda, mtu aliyeamini kwamba duniani hakuna shahidi kama tumbo. "Binadamu utamhonga," alizoea kusema, "lakini mbwa humhongi." Mpishi naye alizoea kumalizia chinichini: "Ila kwa nyama."

Kulikuwa na fomu, yenye maswali matatu. Amekula? Amemaliza? Ameridhika? Mawili ya kwanza hata kipofu angeyajaza. La tatu lilihitaji busara, na busara hiyo yalikabidhiwa macho ya mpishi. Mbwa akila kisha akazungukazunguka akinusa pembe za ukuta, hajaridhika. Akila kisha akajilaza, karidhika. Mpishi aliandika alichokiona, akatia saini, na nakala ya fomu ikasafiri na mzigo hadi madukani. Wenye maduka waliipenda fomu hiyo kuliko mfuko wenyewe. Wengine waliibandika ukutani, pembeni ya picha ya ng'ombe anayecheka.

Mpishi akachuchumaa. "Bwana Mkaguzi." Akamtikisa bega. Akampigia makofi sikioni. Mbwa akainua kichwa kiasi cha kidole, akamtazama kama anayemwona kupitia maji, akakirudisha chini. Alipojaribu kumsimamisha, miguu ya mbele ilijikunja kama kamba.

Akamfunika gunia na kwenda ofisini kwake, chumba kilichokuwa na meza, kiti kimoja na droo isiyofungika. Akatoa fomu za miezi miwili, akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata. Hati ilikuwa yake, wino ulikuwa wake. Za mwanzo zilikuwa fupi: Ameridhika. Ameridhika. Ameridhika kiasi. Kisha, kuanzia wiki tano nyuma, fomu za kila Jumatano zilianza kuchangamka. Ameridhika sana. Amelala papo hapo. Amelala hadi jioni. Amelala, paka akampita puani asijue. Hiyo ya paka aliiandika akicheka, na tajiri alipoisoma alicheka pia, akaagiza itolewe nakala za ziada.

Jumatano ilikuwa siku ya nyama ya Chapuchapu.

Chapuchapu alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Jina hilo alipewa tangu utotoni kwa sababu kila kitu alikifanya mbio: kula, kusema, kuoa, kuacha. Kazi nyingi zilimshinda kwa mbio hizo hizo. Ni mpishi aliyempeleka kwa tajiri na kusema, "Huyu damu yangu, mdhamini wake ni mimi," na tangu hapo Chapuchapu alikuwa akileta nyama kwa gari lake la mizigo, mara moja kwa wiki. Wiki hii tajiri alikuwa amemwita aje leo Alhamisi, saa nne, wazungumze. Tajiri alitaka nyama yote ya kiwanda itoke kwa Chapuchapu. Mbwa alikuwa ameshampigia kura.

Mpishi akaenda chumba cha baridi. Nyama ya jana ilikuwa imebaki vipande kadhaa. Ilikuwa nyeusi kuliko inavyopaswa, kama nyama ambayo damu haikutoka. Aliwahi kuuliza, akaambiwa ni maksai wazee. Leo aligeuza kila kipande. Shingo moja ilikuwa haijachunwa vizuri, na kwenye ngozi iliyosalia palikuwa na mahali palipopunguzwa manyoya kwa wembe, mraba mdogo kama kiberiti. Katikati ya mraba, kitone.

Mchinjaji hanyoi. Anayenyoa ni daktari wa mifugo, apate kuona mshipa wa kudunga sindano.

Alisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Uani mifuko mia nne ya mapishi ya jana ilikuwa imepangwa, ikingoja lori la saa nane. Ilikuwa inangoja saini yake tu. Akitia, dawa itaenda kwa mbwa wa watu. Asipotia, ataulizwa sababu, na sababu ilikuwa mdogo wake, mwenye uso wa mamake. Kwenye kazi ile yeye na Chapuchapu walikuwa wanaegemea wote wawili, na mama yao alikuwa anawaegemea wao.

Gari la mizigo likaingia uani kwa mbwembwe. Chapuchapu akashuka kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, mbio zikiwa zimemtoa jasho tayari.

"Dada, niangalie. Nafanana na mkandarasi?"

"Jana ulileta nini?"

"Shikamoo kwanza, basi. Nyama."

"Marahaba. Nyama ya nini?"

"Ya mnyama, dada. Ulitaka ya meza?"

"Nani alichinja?"

Chapuchapu alilitazama tairi la gari lake kana kwamba limemwita. "Hawakuchinjwa," akasema. "Kule kwenye mashamba makubwa mnyama akivunjika mguu, au akizeeka, anaitwa daktari. Sindano moja, kwisha habari yake. Ng'ombe, farasi, wote mwisho wao ule ule. Mimi naitwa kuondoa."

"Kuondoa na kupeleka wapi?"

"Kuzika."

"Kumbe kaburi ni jikoni kwangu."

"Sasa dada, usianze. Sikiliza hesabu yangu." Alisogea karibu, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Nyama ya buchani ni ya watu. Kuna nyumba hapa mtaa wa nyuma mwezi unapita hawajaionja, na ninyi mnasaga paja zima kwa ajili ya mbwa wa mtu. Mimi nachukua kilichokwisha kufa. Sijaua, sijaiba, sijamnyang'anya mtu tonge. Niambie dhambi iko wapi."

Swali hilo mpishi mwenyewe alikuwa nalo miaka. Alishapika humo maini ambayo mamake angemwekea mgeni wa heshima, akayamwagia unga wa mifupa, akayaita chakula cha wanyama. Kumtupa shimoni mnyama mzima, huku mwingine mwenye afya akiangushwa ili mbwa ale, hata yeye aliona ni dunia kutembelea mikono. Kama Chapuchapu angekuwa analeta aliyekufa kwa kuteleza bondeni, pengine angenyamaza na kupika.

"Dhambi haiko kwenye kufa kwao," akasema. "Daktari alikwambia uzike vipi?"

"Kina kirefu. Urefu wa mtu."

"Kwa nini?"

"Mbwa wasije kufukua," alisema Chapuchapu, chapuchapu kama kawaida yake.

Ilichukua muda maneno hayo kumrudia yeye aliyeyatamka. Akatazama shati lake jeupe, akatazama mlango wa stoo.

"Nilidhani ni mambo ya harufu," akasema.

"Twende ukamwone."

Walimkuta tajiri kashatangulia, kasimama kando ya Bwana Mkaguzi, mikono mgongoni, kama mtu aliyealikwa kwenye maonyesho. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyewahi kumpigia kelele mfanyakazi. Alikuwa na njia nyingine za kupata anachotaka.

"Huyu ndiye mbwa aliyeshiba," akasema. "Mama, fomu iko tayari?"

Mpishi akamweleza yote pale pale, sindano, kitone, shimo la urefu wa mtu. Alisema bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma orodha ya vifaa. Chapuchapu alisimama nyuma yake, na kila neno lilimpunguza kimo.

Tajiri alisikiliza hadi mwisho. "Dawa ikichemshwa kwa saa tatu haifi?"

"Muulize huyo aliyelala."

"Kalala kwa sababu kashiba. Siyo maneno yangu, ni yako, umeyaandika wiki tano na kuyatilia saini." Akatazama saa. "Lori ni saa nane. Tufanye haki. Akiamka kabla ya lori, tunapakia. Asipoamka, hatupakii. Mwenye kiwanda ni mimi, lakini mkaguzi ni yeye."

Wakakubaliana, kwa maana kwamba hakuna aliyesema kitu kingine.

Saa sita mbwa hakuamka. Saa saba alipiga chafya. Saa saba na nusu, lori likiwa limeshaingia kinyumenyume uani, Bwana Mkaguzi aliinua kichwa, akakikunja kiuno, akasimama. Aliyumba. Akagonga gunia, akaliomba radhi kwa mkia, akatembea kwa mstari wa mlevi anayejitahidi mbele ya mkwewe hadi kwenye bakuli lake. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya jana. Akainamisha mdomo.

"Haya," alisema tajiri kwa furaha ya kweli. "Mzima kama chuma. Na anataka tena."

Chapuchapu alishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyerudishiwa kazi. Akamtazama dada yake, na macho yake yalikuwa yanaomba waziwazi, kama alipokuwa mdogo na kuvunja kitu.

Mpishi alikuwa anamtazama mbwa. Alimwona anavyolamba: taratibu, kwa imani, bila kunusa kwanza. Bwana Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa kitu chochote. Alikuwa mlaji, na mlaji hula alichowekewa na mkono anaoujua.

Akachukua bakuli. Mbwa akabaki na ulimi hewani. Mpishi akalimwaga kwenye ndoo ya taka, akafuta mikono kwenye aproni, akaomba fomu. Amekula? Ndiyo. Amemaliza? Hapana. Ameridhika? Hapo akaandika neno moja, akatia saini, akampa tajiri.

Tajiri akasoma. "Amelewa," akasema, kama mtu anayejaribu neno la kigeni.

"Nakala ipande na mzigo, kama kawaida."

"Mama, unajua unamwandika nani hapa?"

"Namjua. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini mbwa wa watu si wa kwetu, wao wanakulaje?"

Tajiri aliikunja fomu mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. Aliangalia mifuko mia nne. Bila fomu hakuna duka ambalo lingepokea mzigo, na hilo alilijenga kwa mikono yake mwenyewe. Akatoka nje, na baada ya dakika chache wakasikia lori likiondoka tupu. Aliporudi alikuwa na swali la mtu aliyekwisha kupoteza na sasa anataka kujua amepoteza kiasi gani.

"Na ile iliyotoka wiki zote hizi? Nani atawaambia?"

Mpishi alinyoosha mkono. Tajiri akampa simu.

Duka la kwanza kwenye orodha lilipokea upesi. "Mama," alisema mwenye duka, "nilikuwa nataka kukupigia mimi. Chakula chenu cha siku hizi mmekitia nini? Kuna mwalimu mstaafu hapa, anaishi yeye na kijibwa chake tu. Kilikuwa kinabweka mpaka majirani wakaenda kushtaki. Sasa kimetulia, mwenyewe anasema kimepata adabu uzeeni. Jana kachukua mifuko miwili."

"Hakijapata adabu," alisema mpishi. "Kimelewa. Nyama ilikuwa na dawa ya kuulia wanyama. Usiuze hata mfuko mmoja."

Upande wa pili ulisikika mlio wa droo ikifungwa. "Nyama ilitoka wapi?"

Chapuchapu alikuwa kakaa kwenye gunia, shati jeupe limeshika vumbi, mbwa kamlazia kidevu mapajani. Hakuinua macho, lakini hakutikisa kichwa kukataa.

"Ulioileta ni mkono wa mdogo wangu. Iliyoipitisha ni saini yangu. Iko hapo ukutani kwako, itazame."

"Sasa mimi mwalimu nimwambie nini?"

"Mwambie aondoe bakuli sasa hivi, na ampeleke mbwa kwa daktari. Basi. Mengine niachie." Akamwashiria Chapuchapu atafute funguo za gari. "Ninakuja na mdogo wangu, yeye ndiye dereva. Kabla jua halijazama nitakuwa mlangoni kwa mwalimu, na nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, nilichomlisha mbwa wake. Nakuahidi."