Nguva Aliyefukizwa Udi

Mara mbili mtoto Nasiha alikuwa amemkataa nguva wa bandia wa Kadzo, na leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Danish, mwenye filamu, alilisema neno hilo jana akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, kwa adabu. Adabu hiyo ilimuuma Kadzo kuliko lau angemfokea.

"Dada Kadzo, kazi yako naipenda. Lakini mtoto asipomgusa huyu mnyama, filamu hakuna. Kesho tukishindwa, nguva nitakwenda kuchorewa Nairobi kwa kompyuta, na Nasiha ataigiza na hewa."

Basi tangu alfajiri Kadzo hakukaa kitako. Mwanawe Kahindi alimnyonyesha amesimama. Alimimina chai akaisahau dirishani, akamimina nyingine, akaisahau ngazini. Kila baada ya muda alishuka kumtazama nguva wake, kama mtu anayeamka kuhakikisha mlango umefungwa.

Miezi minne alikuwa amemjenga. Mifupa ilikuwa ya henzirani, nyama ni sponji ya godoro, na ngozi ni leso kuukuu alizozipaka mpira wa majimaji, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa nzito na za kijivu. Ushonaji wa makochi aliusomea darasa la jioni. Nguva hakumsomea popote. Pua zake zilifunguka na kufumba kwa kile kipira cha mashine ya kupimia presha, ambacho Kadzo alikibinya kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umo ndani ya kichwa. Katika hadithi ya Danish, msichana anamkuta nguva mzee amejificha kwenye birika la mawe la nyumba ya kale. Na birika lenyewe lilikuwa chini ya nyumba hii hii aliyoolewa Kadzo, uchochoro mmoja kutoka Ndia Kuu, kavu tangu mifereji ilipoingia mjini.

"Yuwanuka mpira," Nasiha alisema siku ya kwanza, amejibanza nyuma ya Joab, mpiga picha. Siku ya pili alitazama tu, machozi yakamlenga, na taa zikazimwa.

Saa nne basi la Nairobi lilikuwa lilete debe la mpira aliloagiza Kadzo kwa ajili ya kuziba nyufa za shingoni. Akamwachia mamavyaa yake, Bi Mejumaa, mtoto, akaenda kulingoja stendi ya Mwembe Tayari. Saa nne ikapita, na saa tano. Kadzo alitembea kutoka kibanda cha tikiti hadi kwa muuza mahindi, akarudi, akaenda tena.

"Dada," muuza mahindi akamwambia, "hiyo lami utaimaliza kwa kuikanyaga. Basi halivutwi kwa miguu."

Debe lilifika adhuhuri. Alipoingia uchochoroni nalo kichwani, harufu ya udi ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Akadhani jirani ana wageni. Akaingia ndani, akashuka birikani mbio.

Mejumaa alikuwa amekaa kwenye kigoda, Kahindi mgongoni, na uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda jema. Mbele yake lilikuwapo tenga la kufukizia nguo, na chini ya tenga chetezo kinatoa moshi. Juu ya tenga alilala nguva kifudifudi, amefunikwa leso mbili ili moshi usipotee.

"Mama! Wafanya nini?"

"Nakusaidia. Mwana wa watu asema yuwanuka. Sasa mtu anukaye atakaribiwa vipi? Nimemfukiza. Na udi si ule wa kila Ijumaa, ni ule uliobaki harusi yenu na mwanangu Mung'aro."

Kadzo alitua debe, akafunua leso, akakiinua kichwa cha nguva kwa mikono miwili. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba malengelenge, likapasuka, likawa la hudhurungi. Katikati palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na sponji ya godoro ikichungulia.

Mejumaa alisimama taratibu.

"Makaa niliyafunika jivu, wallahi. Nguo haziungui hivi."

"Mama, huyu si nguo."

Maneno mengine yalimpanda Kadzo hadi kooni, makali, ya kusemwa mara moja na kujutiwa mwaka mzima. Lakini Kahindi, kule mgongoni kwa nyanyake, alimwona mamake akacheka, akanyoosha mkono. Kadzo akayameza.

"Nipe makasi."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa chembamba. Leso zangu zote ni ngumu."

Mejumaa akavua leso aliyojitanda kichwani, iliyolainika kwa miaka ya kufuliwa. "Kata hii."

Kadzo akakata. Akafungua debe, akapaka, akabandika, akapaka tena. Mejumaa alishika kipepeo cha jikoni akapepea, akibadilisha mkono kila ulipochoka, na mdomo wake ulikuwa ukinong'ona dua. Alasiri ikaadhiniwa. Kadzo akagusa shavu: kidole kikanata.

"Halijakauka. Nasiha ataligusa limnate, na huo ndio utakuwa mwisho."

Akazunguka birika mara mbili, kisha akasimama ghafla.

"Poda ya Kahindi iko wapi?"

Walimpaka nguva kopo zima, shavuni, shingoni, chini ya kidevu, kama mtoto aliyetoka kuoga. Mejumaa alijizuia kucheka akashindwa, na Kadzo naye akajikuta acheka.

Danish alipofika na Joab, aliliinamia shavu lile.

"Limekuwaje?"

"Alikaribia jiko," Kadzo akasema.

Joab akavuta hewa puani. "Mna nguva humu au bibi harusi?"

Mwanga wa dirisha la juu ulikuwa tayari unaanguka birikani, na mwanga huo hudumu nusu saa tu. Kadzo alijikunja ndani ya birika, mkono wa kulia kichwani mwa nguva, wa kushoto kwenye kipira, na kidevu cha nguva kikaegemea ukingo wa mawe. Kupitia upenyo mdogo shingoni aliona viatu vya Nasiha vikiingia. Msichana aliletwa na shangazi yake, kwani mamake alikuwa amejifungua karibuni.

Viatu vikasimama mbali, pale pale vilipokwama jana.

"Taratibu, Nasiha," Danish akanong'ona. "Ukiwa tayari."

Kadzo akabinya, pua zikafunguka, zikafumba. Kiatu kimoja kikasogea. Kingine.

"Anukia kama mtoto wetu," Nasiha akasema.

"Mtoto gani?" Danish akauliza.

"Mtoto wetu! Hajatimia arubaini." Akashusha sauti kama aliyekumbuka jambo. "Siwezi kumshika. Sijanawa mikono."

Akageuka akapanda ngazi mbio kutafuta mfereji.

"Jua linakwenda," Joab akasema huku ameuma meno.

"Mwache," Danish akajibu, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kusimama mahali pamoja.

Mkono wa Kadzo ulianza kufa ganzi. Maji yalisikika yakimwagika juu, yakamwagika, yakamwagika, kana kwamba mtoto ananawa kwa niaba ya mji mzima. Mara Kahindi, ambaye Mejumaa alikuwa amempandisha, akaanza kulia huko huko juu, kilio cha njaa. Maziwa yakamtoka Kadzo papo hapo, yakalowesha kifua cha dera. Akauma mdomo, akaendelea kubinya.

Viatu vikarudi, na safari hii havikusimama. Kadzo akahisi vidole vitano, vidogo, vyenye umajimaji, vikitua shavuni, pale penye leso ya Mejumaa. Alivihisi nyuma ya sponji kana kwamba vinamgusa yeye.

"Pole," Nasiha akamwambia nguva. Neno hilo halikuandikwa popote.

Danish hakusema "kata". Kadzo akahesabu pumzi: kumi, ishirini, ishirini na tano. Juu, mtoto analia. Chini, nguva apumua. Kisha mwanga ukapanda ukutani ukaondoka, na Danish akatoa sauti kama mtu aliyeibuka majini.

Kadzo alitoka birikani mkono umejaa poda mpaka kwapani, akapanda ngazi mbili mbili. Mejumaa alikuwa mlangoni na Kahindi mikononi.

"Amemgusa?"

"Amemgusa, Mama."

"Ule udi ule," Mejumaa akasema, akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Na lile tundu lile."

"Dada Kadzo!" Danish akaita kutoka chini. "Naweka taa. Mara moja tena, mkono wake uonekane kwa karibu!"

Kadzo akampokea mwanawe, akavuta kigoda kwa mguu.

"Waambie wangoje," akasema, na akakaa.