Dagaa wa Juu

Saa saba na nusu mchana, Jumatatu ya mwisho ya Juni 2024, sahani ya Mzee Celestin ilirudi jikoni ikiwa tupu. Odeta, mke wa mwanawe, aliishika akaikagua mlangoni kwenye mwanga. Hapakuwa na tonge, hapakuwa na kichwa cha dagaa, na mchuzi ulikuwa umefutwa. Alifurahi. Chakula alichokuwa amepakua kilikuwa cha udanganyifu, na udanganyifu ulikuwa umepita.

Mzee Celestin alikuwa na miaka sabini na mitatu, na mlo wake ulikuwa mmoja: ugali wa muhogo na dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopikwa kwa mawese. Maharage hakuyagusa, ugali wa mahindi hakuugusa. Alivijua vyote viwili tangu alipovuka kutoka Burundi akiwa kijana, akafikia kambi ya wakimbizi ya Katumba na kupangwa foleni ya unga wa njano na maharage. Aliviita chakula cha kambi. Baadaye alipata shamba, akapata uraia, akapata wajukuu, na chakula cha kambi hakukirudia.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Dagaa walifika Mpanda kwa magunia kutoka Karema na Ikola, mawese yakaja kwa madumu. Kisha katikati ya Mei serikali ikafunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Dagaa waliobaki sokoni walikuwa wa akiba, na bei yao ilipanda kila wiki. Mawese yakapanda. Unga wa muhogo nao ukapanda, bila mtu yeyote kueleza unahusiana vipi na samaki.

Wakati huohuo mzee alikuwa amewekewa mpira wa mkojo kwa sababu ya tezi dume. Madaktari bingwa walitarajiwa kupiga kambi Mpanda mwishoni mwa Julai. Wangempasua na mpira ungetoka, kwa sharti kwamba damu yake iwe imepanda. Alipewa vidonge, na muuguzi akasema wazi kwamba vidonge bila chakula ni kazi bure. Onesphore, mume wa Odeta, alikuwa Inyonga akifunga mizigo ya tumbaku. Kumlisha baba yake ikawa kazi ya Odeta.

Mwanzoni mwa Juni alikuwa amesimama sokoni Buzogwe mbele ya meza ya Matilda, ambaye alimuuzia dagaa tangu aolewe.

"Kisado ni hiyo bei?" aliuliza.

"Ziwa limefungwa, mama. Au huko kwenu Makanyagio hamna redio?"

"Ni bei ya jogoo!"

"Basi mpikie jogoo."

"Hali jogoo. Unamjua."

"Namjua. Angezaliwa Ulaya huyo." Matilda alivuta gunia lililokuwa chini ya meza. "Chukua hawa wa Mwanza, nusu ya bei. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili, kaanga, halafu wazamishe kwenye mawese. Hao wa Kigoma nikupe kiganja tu, uwaweke juu."

"Atajua."

"Meno hana. Ulimi nao bado anao?"

"Ulimi ndio uliobaki."

Alinunua hivyo hivyo. Dagaa wa Mwanza walikuwa weusi na wachungu, na mchanga haukuisha hata baada ya maji ya tatu. Aliwazamisha kwenye mchuzi, akawapanga wale weupe wa Tanganyika juu, wachache, kama mtu anayepamba. Mawese aliyaongezea mafuta ya alizeti. Unga wa muhogo aliuchanganya na sembe. Alipeleka sahani chumbani kwa mzee, akaweka maji ya kunawa, akatoka.

Kutoka ilikuwa lazima. Katika nyumba za watu wao, mkamwana hamwangalii baba mkwe akila. Hata jina lake Odeta hakulitaja. Alimwita baba, au mzee. Alichokijua kuhusu mlo wa mzee ni sahani inavyoingia na sahani inavyotoka. Kila siku ilitoka tupu.

Katikati ya Julai alimpeleka hospitali kupimwa. Damu ilikuwa imeshuka, na kilo zilikuwa zimepungua nne.

"Anakula?" muuguzi aliuliza.

"Anamaliza sahani."

"Umemwona akila?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yake, mfuko wa mkojo umefunikwa kwa koti, akiangalia ukuta.

"Mna wiki mbili," muuguzi alisema. "Isipopanda, hapasuliwi. Kambi nyingine hatujui itakuja lini."

Jioni ile Odeta alimwona jirani yake, Mama Sikujua, akifukuza bata wake kutoka nyuma ya nyumba.

"Mwambie mzee awapunguzie," jirani alisema akicheka. "Wamenona mpaka wanashindwa kukimbia. Mimi mwenyewe ningehamia hapo dirishani."

Odeta alizunguka nyuma. Chini ya dirisha la mzee udongo ulikuwa umechimbuliwa kwa midomo. Palikuwa na mabaki meusi ya dagaa, na sisimizi.

Mzee alikuwa barazani kwenye kigoda.

"Baba, bata wa jirani wanakula nini?"

Mzee alitabasamu kidogo. "Wanakula vizuri. Mpishi wao hodari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwanangu? Wale wa juu nilikula. Nikaona uwezo wenu umeishia hapo. Kurudisha sahani imejaa ni kukutukana."

"Basi kula maharage. Wiki mbili tu, baba."

"Nilijaribu mwezi wa tano, Onesphore akiwepo. Muulize." Aligusa koo lake. "Hayapiti. Sio kiburi. Yanafika hapa yanarudi."

Odeta alimpigia Onesphore, naye akathibitisha: baba yake alitapika. Kesho yake aliuza vitenge vyake viwili, akanunua kisado cha dagaa wa Tanganyika, chupa ya mawese yasiyochanganywa na unga wa muhogo mtupu. Alipika kama zamani. Kabla ya kupakua, alipiga simu Inyonga tena.

"Ukishampelekea, kaa hapo hapo," Onesphore alisema. "Usitoke mpaka amalize."

"Mimi nikae mbele ya baba mkwe akila?"

"Mila haipandishi damu, Odeta."

Alipeleka sahani, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango. Mzee alimtazama, kisha akatazama chakula. Harufu ilikuwa ndiyo yenyewe. Alinawa, akakata tonge, akachovya. Mkono ulipanda hadi karibu na kidevu, ukasimama. Odeta aliinamisha macho, na bado ule mkono haukusogea. Aligeuka kabisa, akatazama mlango, akasubiri amsikie akimung'unya. Hakusikia kitu.

"Baba?"

"Bado upo," mzee alisema kwa upole.

"Onesphore amesema nikuone ukila."

"Najua. Mwanangu, siwezi."

Tonge lilirudi sahanini. Odeta alikaa mpaka mchuzi ukaganda pembeni, kisha akatoka. Baadaye sahani ilitoka tupu. Alizunguka nyuma ya nyumba: bata hawakuwepo, udongo ulikuwa vilevile. Hilo halikuthibitisha kitu. Huenda alikula, au chakula kilikuwa kwenye mfuko wa koti au kwenye ndoo. Alikuwa amekwisha kudanganywa na sahani tupu mara nyingi mno. Siku iliyofuata alikaa tena, na mzee akashindwa tena. Siku ya tatu alikaa nje ya mlango. Mzee alikiona kivuli chake, akauliza kama kuna mtu. Kisado kiliisha kabla ya wiki ya pili, na vitenge vingine hakuwa navyo. Alirudi kwa Matilda, akanunua wa Mwanza na kiganja cha wale wa juu.

Jumatatu ya kambi walifika hospitali mapema, wakaitwa saa tatu. Damu ilikuwa imeshuka zaidi ya mara ya kwanza. Daktari bingwa alisoma majibu, akamgusa mzee begani, akarudi chumba cha upasuaji. Muuguzi alimtoa Odeta nje kwa heshima, akavuta pazia, akamtoa mzee mpira wa zamani na kumwekea mpya.