Mnyapara Apiga Magoti

Watu wa filamu walipoingia mjini, mgodi ulikuwa umekufa zamani. King'ora kilikuwa kimeliwa na kutu, na vumbi la makaa ya mawe, lililokuwa likitua hata kwenye nguo zilizoanikwa, sasa lilibaki kwenye nyufa za kuta na vifuani mwa wazee. Walikuja na malori na taa pana kama mabeseni, wakitaka kutengeneza filamu ya enzi zile: maisha ya mji wa makaa, na ule moto uliomeza zamu nzima ya asubuhi. Mji ukatoka nje kama siafu walionusa sukari.

Mama Taa hakutoka. Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa mtunza taa za mgodi. Mchimbaji akishuka shimoni, alimwachia kibati chake chenye namba, naye akampa taa. Akipanda, walibadilishana tena. Mumewe alikuwa fundi wa nguzo za kuzuia paa la shimo lisiporomoke, mtu wa mizaha, asiyepita pale dirishani bila kusema, "Leo nipe inayoona mbali, mke wangu, nisije nikapotea nikaoa huko chini."

Siku ya moto, vibati vya zamu ile vilibaki vikining'inia ukutani, na cha fundi wa nguzo kikiwamo. Wanawake walikimbilia langoni, wengine vitenge mkononi, wengine pekupeku. Wanaume walikuwa hai. Waligonga bomba la maji kule chini, na mlio ukapanda mpaka juu, kila mtu akausikia. Lakini Mnyapara, aliyekuwa mkubwa wa zamu, alisema moto ukifika kwenye mwamba mnene wa makaa, mgodi wote utateketea. Akaamuru shimo lizibwe.

"Bado wanagonga!" Mama Taa alipiga kelele, mimba yake ikiwa imemtangulia. "Bwana, sikiliza, bado wanagonga!"

Mnyapara hakumtupia hata jicho. Alipanda gari, akapandisha kioo, akaenda zake. Vibarua wakaziba shimo kwa udongo na saruji, huku wengine wakilia. Mgodi ukapona, ukachimbwa miaka mingi baadaye. Naye Mnyapara alikufa kitandani pake, kashiba umri, akamwachia mwanawe hoteli pekee ya mji. Mwana huyo ndiye aliyewalaza watu wa filamu, akawalisha, na kila jioni akawasimulia habari za marehemu baba yake.

Mimba ile ilizaa binti. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye mikono myepesi na kazi za kubangaiza: leo kufua kwa watu, kesho kupaka rangi ukuta wa mtu. Aliajiriwa na watu wa filamu asimame katika kundi la wanawake wa langoni. Siku chache baadaye akaja nyumbani na mwongozaji mwenyewe, mwanamke kijana, mpole wa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kiti hicho kina mguu mbovu, kalia kile."

Mwongozaji akakaa, akaeleza. Kulikuwa na tukio moja kubwa kuliko yote. Mnyapara, baada ya kuziba shimo, anakuja langoni, anapiga magoti mbele ya mjane mwenye mimba, na analia. Mjane anamwekea mkono kichwani. "Na tungependa mjane huyo awe binti yako, mama. Tumekuja kuomba radhi zako."

Mama Taa alicheka kicheko kikavu. "Nani kawaambia alipiga magoti?"

"Mwanawe anasema baba yake alijutia maisha yake yote."

"Alijutia wapi? Ndani ya gari, kioo kikiwa juu? Mjane huyo mnayemtafuta ni mimi. Nilikuwa pale. Sikuona goti wala chozi."

Mwongozaji aliinamisha macho. "Nakuamini, mama. Lakini mtazamaji hawezi kuachwa aende nyumbani na donge kooni."

"Mimi ninalo kooni mpaka leo. Mbona mimi niliachwa?"

Mgeni aliinuka. Aliaga kwa heshima zote, akaondoka. Binti alibaki amesimama mlangoni.

"Mama, ni mchezo tu."

"Mchezo wa kumsamehe aliyemzika baba yako hai?"

"Baba gani, mama?" Sauti ya binti ilipasuka. "Wewe una mume wa kumkumbuka. Mimi nina kelele za bomba, basi. Tangu nikiwa mtoto unanilaza na bomba, unaniamsha na bomba. Juzi nilimwona mwigizaji kavaa nguo za fundi wa nguzo, kabeba shoka, anataniana na mtunza taa dirishani, kama wazee walivyowasimulia. Nilisimama pale nikalia kama mjinga. Ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yangu akicheka. Unataka niwakatalie?"

Mama Taa alikalia kile kiti chenye mguu mbovu. Kweli, mizaha ya mumewe hakuwahi kumsimulia mwanawe hata siku moja. Alimpa kifo chake tu.

Radhi hakutoa, wala hakuzuia. Siku ya tukio alikwenda, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Binti alitoka amefungwa tumbo la pamba, kavaa gauni lililofanana na lile la mama yake la siku ile hata Mama Taa akashtuka. Mnyapara wa filamu akaja, mzee mzuri wa sura, akaanguka magotini, machozi yakamchuruzika. Binti akamwekea mkono kichwani.

"Vizuri sana," mwongozaji alisema. "Tena."

Wakarudia. Mara kamera ilikuwa mbali, mara jua lilijificha. Tena na tena Mama Taa alimtazama mwanawe akisamehe, na kila mara mkono ule ulizidi kuwa laini, ukazidi kuwa wa kweli, mpaka akageuka akaenda nyumbani.

Filamu ilipokamilika, ilionyeshwa ukumbini hotelini. Mji ulijaa mpaka madirishani. Goti lilipogusa ardhi, ukumbi mzima ulilia kwa kwikwi. Kando ya Mama Taa, Bi Ndoo, shoga yake tangu usichana, mjane mwenzake, aliyekuwa amemshika mkono langoni siku ile, alijifuta macho kwa upande wa kanga.

"Masikini Mnyapara," alinong'ona. "Unakumbuka alivyolia?"

"Hakulia. Alipanda gari."

"Wee! Uzee huo, mwenzangu. Alilia, nilimwona kwa macho yangu haya."

Mama Taa alimtazama usoni, akitafuta uongo. Haukuwamo. Bi Ndoo alikuwa anakumbuka.

Filamu ilikwenda mbali, na wageni wakaanza kuja kuuona mji. Mwana wa Mnyapara akamwajiri binti awatembeze: hapa chumba cha taa, hapa shimo, na hapa, jamani, ndipo alipopiga magoti. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kudumu. Alinunua godoro, akaezeka upya paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha mama yake. Kisha akaomba jambo moja, akiangalia sakafu.

"Mama, wageni wakija, nakusihi, usiwaambie kitu."

"Nitawaambia nini? Nani atanisikia?"

"Hata hivyo, mama."

Siku moja Mama Taa alikuwa akirudi kutoka sokoni, akakuta kundi langoni. Mwanamke mmoja mgeni alimsogelea kwa unyenyekevu. "Mama, na wewe ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Eti ni kweli alipiga magoti?"

Binti alikatiza maelezo yake. Alimtazama mama yake, kama mtoto aliyevunja chungu. Mama Taa aliuhamisha mzigo mkono wa pili.

"Muulize binti yangu," alisema. "Yeye ndiye aliyeona."

Akashika njia ya nyumbani. Nyuma yake alisikia sauti ya mwanawe ikianza upya, taratibu, kisha ikashika kasi.