Platini ya Kuigiza

…haiwezekani, aseme tu haiwezekani, neno moja, lakini Mwalimu Albano bado anakoroga uji, bakuli liko gotini, na mkewe Sesilia amelala ubavu akimtazama, ameshauliza, kwa hiki kisauti alichobakiwa nacho, "Albano, ile tungsteni yako haiwezi kuwa platini?", naye anakoroga, maana daktari kasema dawa ya saratani ya Sesilia hutengenezwa kwa platini, madini adimu, hospitalini hakuna, wala kwenye maduka ya dawa yaliyozuka Temeke nzima tangu biashara iwe ruksa, humo mna manukato ya Dubai, mna mikorogo ya kung'arisha uso, dawa hiyo hamna, na kosa ni lake, nani alimtuma miaka ile kumhadithia kwamba wataalamu wamechukua tungsteni, waya huu huu wa ndani ya balbu, wakaiunga na kaboni, ikafanya kazi kama platini, alisimulia kwa madaha kwa sababu alikuwa anamtaka, Sesilia akiosha chupa za maabara pale shuleni, akacheka, akasema basi hata mie naweza kuwa binti wa balozi… na juzi, akifagia, amekuta uvunguni balbu saba zilizoungua, zimeviringishwa kwenye kanga, saba, Mungu wangu, kaanza kuziweka lini… amwambie vipi kwamba kule kuigiza ni kwa juujuu, kwenye ngozi ya chuma tu, ndani kabisa tungsteni ina protoni sabini na nne, platini sabini na nane, hizo nne zilizopungua hakuna jiko wala kemikali ya kuziongeza, na saratani si mtu wa kulaghaiwa kwa sura… sabini na nne, sabini na nane, anaiona ile chati kubwa ya elementi ukutani mwa maabara, na Sesilia juu ya stuli na kitambaa, kila Ijumaa, miaka kumi na moja, akiifuta vumbi kisanduku kwa kisanduku, akizisoma namba kwa sauti… anazijua. Kijiko kinasita. Anazijua kumshinda yeye, hajawahi kudanganyika hata siku moja, na ukuta wa bafuni ni mabati, Sesilia atakuwa amemsikia yeye humo akilia, balbu na swali ni vya kumpa yeye cha kufundisha. "Nieleze taratibu," anasema Sesilia, "kama unafundisha kidato cha pili." Uji unafuka moshi, Sesilia hajanywa hata funda, Albano anaweka bakuli sakafuni, sasa anajua ni nani humu chumbani anayemuuguza mwenziwe.