Saba Kati ya Kumi

Kwenye chumba cha simu walimwita Pasi, na jina lenyewe lilimkaa. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi: haipandi, haishuki, haina kona. Kazi yao pale ilikuwa kuwapigia watu wasiowajua na kuwauliza maoni yao. Sabuni gani wanaipenda, redio gani wanaisikiliza, na siku hizi, wanasemaje kuhusu mambo ya mpakani. Sheria ilikuwa moja, na msimamizi aliikariri kila asubuhi huku akitafuna karanga: soma swali kama lilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze, na mtu akikuuliza maana yake, mwambie ajibu anavyoelewa mwenyewe. Wengine waliteleza. Mmoja alichekacheka, mwingine alivuta maneno utadhani anabembeleza mtoto. Pasi hakuteleza hata siku moja. Wafanyakazi wapya waliketishwa karibu naye wamsikilize, na tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kinamvimba kidogo.

Swali la mpakani lilikuwa hili: "Je, unawaunga mkono vijana wetu mashujaa katika hatua ya kuwalinda wanyonge walio ng'ambo ya mpaka dhidi ya wahalifu wenye silaha? Ndiyo au hapana?" Alilisoma asubuhi, akalisoma mchana, mpaka likawa kama halina tena maneno, umebaki mdundo tu. Watu walijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kila ndiyo ilimchoma. Mdogo wake, kitindamimba wa Mama, alikuwa dereva wa jeshi, na kambi yao ilikuwa karibu kabisa na mpaka. Serikali ilishatangaza kwamba haitavusha askari hata mmoja kabla ya kuwasikiliza wananchi. Basi Pasi alikaa pale akiwasikiliza wananchi kwa niaba ya serikali, na wananchi, kwa masikio yake, walitaka mdogo wake avuke. Aliumia, lakini alijiambia kwamba ndivyo watu walivyo, na yeye si kazi yake kuwapangia la kusema. Kazi yake ni kuichunga sauti isimsukume mtu upande wowote. Kwa hilo alikuwa na amani.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa imejaa sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Jioni moja, Pasi hajavua hata viatu, Mama alimpokea kwa tabasamu.

"Leo wenzako wamenipigia! Kijana mmoja ana adabu huyo! Shikamoo kwanza, ndipo maswali."

Pasi alimjua mara moja. Ni yule wa kuvuta maneno. "Alikuuliza la mpakani?"

"Aliniuliza. Nikamjibu ndiyo, tena kwa sauti, asije akaandika vibaya akakosana na wakubwa wake."

"Mama! Umesema ndiyo?"

"Sasa ulitaka nisemeje? Mtu ananiuliza kama nawaunga mkono vijana wetu, na mmoja wao nimemzaa mwenyewe. Niseme hapana? Nimkane mtoto kwenye simu?"

Pasi aliketi juu ya rundo la sare. "Mama, unataka jeshi livuke mpaka likapigane vita kule?"

Mguu wa Mama ulisimama juu ya kikanyagio cha cherehani. "Vita? Nani kataja vita? Thubutu! Mwanangu avuke akafanye nini? Yule kijana hakusema vita hata mara moja."

Na kweli hakusema. Pasi alilirudia swali kichwani, neno kwa neno, na ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza. Mashujaa. Wanyonge. Wahalifu. Vita haimo. Kuvuka hakumo. Alikuwa ameinyoosha sauti yake siku zote hizo, kumbe swali lenyewe lilikuwa limepinda tangu lilikotoka. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi alimwendea msimamizi kabla hata hajaketi mezani kwake.

"Naomba jibu la mama yangu lifutwe."

"Jibu likishaingia halitoki," msimamizi alisema. "Tukimfutia mama yako, tutaanza kuwafutia wote. Mama akibadili nia, akiulizwa tena siku nyingine atasema."

"Hajabadili nia. Swali ndilo limepinda, bosi."

Msimamizi aliacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya, na hata hakuchukia. "Limepinda, naam. Lilikuja hivyo kutoka kwa mteja, na mteja ni watu wakubwa. Mimi nilidhani unajua. Si wewe uliyelisoma kutushinda sote?"

Hilo ndilo lililomkata maini. Pasi alirudi mezani, akavaa visikizi vyake, akapiga nambari ya kwanza. Aliyepokea alikuwa fundi wa baiskeli, nyundo zinagonga nyuma yake. Alisomewa swali, akajibu ndiyo bila kufikiri, kama wenzake wote. Pasi hakukata simu.

"Na ukiulizwa hivi, kaka: unataka jeshi letu livuke mpaka likapigane vita nchi ya jirani?"

Nyundo zilinyamaza. "Ah, dada yangu, hapo umeniuliza jambo jingine kabisa. Hapana. Vita ya nini?"

Kabla hajapiga nambari nyingine, mkono wa msimamizi ulikuwa umeshafika begani mwake. Alimvua visikizi taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa kofia. "Nenda nyumbani, Pasi. Hapa nitamweka mwingine." Hakufoka. Afadhali angefoka.

Ijumaa mchana waziri alisikika redioni akisema kwamba wananchi saba kati ya kumi wanaunga mkono hatua hiyo, na kwamba serikali haina budi kutii. "Wananchi wametutuma," alisema, kwa sauti nzito ya mtu aliyebebeshwa mzigo asioutaka.

Mama alikuwa anatia mkono wa shati. "Na mimi nimo kwenye hao saba?"

"Umo, Mama."

"Nitoe."

"Siwezi."

Mama aliushona ule mkono ukaenda upande, akaufumua, akaanza upya.

Jumapili simu iliita, na Mama aliiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, sauti juu, ili wote wasikie.

"Mama! Mmesikia?" Kitindamimba wake alikuwa karibu kupiga kelele kwa furaha. "Saba kati ya kumi! Afande ametutangazia kwenye paredi, tumepiga makofi mpaka mikono imeuma. Kesho tunavuka, lakini msiwe na wasiwasi. Mtu unakwenda na moyo mkubwa ukijua nyumbani wako nyuma yako."

Mama na Pasi walitazamana. Kumwambia ukweli ni kumvunja moyo siku moja kabla ya safari. Kumficha ni kumwacha aende huko ameshikilia kitu ambacho hakipo. Pasi aliogopa yote mawili.

"Dada, uko hapo? Wewe si ndio kazi yako hiyo? Hao saba ni wa kweli, au wanatutia moyo tu?"

"Majibu waliyatoa," Pasi alisema.

"Na Mama alipigiwa?"

Mama aliivuta simu karibu. "Nilipigiwa. Nikasema ndiyo."

"Nilijua tu!" Kijana alicheka.

"Ngoja kwanza, baba. Waliniuliza kama nawaunga mkono nyie. Nikasema ndiyo, na leo nasema ndiyo, na kesho. Lakini hawakuniuliza kama uende. Wangeniuliza hilo, ningesema hapana mpaka simu ipasuke."

Kicheko kilikatika. Huko aliko zilisikika sauti za wenzake wakipakia mizigo kwenye malori, na mmoja alikuwa anaimba.

"Na hao wengine, Dada? Waliulizwaje?"

"Vilevile alivyoulizwa Mama."

Kijana aliuliza polepole, "Sasa sisi ametutuma nani?"

"Si mimi, mwanangu," Mama alisema. "Si mimi."

Pasi alifungua mdomo ili naye aseme hivyo, akashindwa.