Uchochoro wa Pini Nyeupe

Mtaani walimwita Redio, na jina hilo hakulipinga, kwa sababu redio nyingine huishiwa betri na yeye hajawahi. Alikuwa fundi cherehani. Mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa kiuno aliondoka na suruali yake pamoja na habari za bwana harusi aliyeshonewa koti kubwa mpaka likaingia yeye na mshenga, wakaenda nalo harusini wote wawili. Ukicheka, anakuongezea mshenga wa pili.

Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya binti yake. Binti alikuwa akisoma shahada mbili za uzamili kwa mpigo, mipango miji na afya ya jamii. Vitivo viwili vinavyotazamana ng'ambo ya barabara, wasimamizi wawili wasiosalimiana sana, na mwanafunzi mmoja anayekimbia katikati na viatu vilivyolika upande.

"Yaani atakuwa anawapanga wagonjwa foleni?" jirani yake seremala alimtania kila walipokutana.

"Atakupanga wewe kwanza, shemeji, ulivyokaa shaghalabaghala."

Lakini Redio alielewa kuliko alivyojifanya. Binti alimweleza siku moja wakifumua pindo pamoja. Kule mipango miji, alisema, wanaijua barabara ila hawamjui mgonjwa anayepita. Kule afya wanamjua mgonjwa, ila hawaulizi alifikaje.

"Mimi nasimama katikati, mama. Nachora ramani ya watu waliokufa kwa sababu gari la wagonjwa halikuwafikia. Manispaa imekubali kupanua njia moja tu, na itafuata ramani hiyo."

Redio aliendelea kuvuta uzi. Uchochoro wao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, ukinenepa ukiwa ndani unabaki humohumo mpaka ukonde. Katika chumba cha nyuma alikuwa amelala mdogo wake, mama mdogo wa yule binti, ambaye moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Na baba wa binti alikuwa amekufa katika uchochoro huo huo. Hakuna kati yao aliyelitaja hilo. Halikuhitaji kutajwa.

Sasa, uchochoro ule ulikuwa na desturi yake. Marehemu hakuachiwa kifo kibaya. Aliyekufa akigaragara, hadi matanga yanaisha alikuwa amekufa akitabasamu. Aliyefia juu ya mkokoteni alikuwa amefia kitandani kwake, ameshikwa mkono. Hakuna aliyeitangaza kanuni hiyo. Watu waliishi nayo tu kama walivyoishi na vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Wafiwa walisikia, wakapoa. Na kwa kuwa Redio ndiye mwenye kipaji, vifo vingi vya pale vilipita mikononi mwake vikashonwa upya.

Cha mumewe alikishona kuliko vyote. Mume alimaliza chai, akalalamika sukari imezidi, akamcheka seremala kwa meza yake inayochechemea, akaegemea ukuta, akalala. "Hata kikombe hakikumponyoka," Redio alimalizia, na wateja waliguna kwa wivu, kila mmoja akijitakia kifo cha aina hiyo. Binti aliisikia simulizi hiyo miaka yote akiwa ameinamia vitabu vyake, wala hakuwahi kumkatiza mama yake.

Utafiti ulipoanza, binti alisema hawezi kuuhoji uchochoro wao. Kitivo cha afya kilikataza mtafiti kuhoji ndugu na majirani zake. Angekuja mwenzake wa darasani.

"Mwambie tu ilivyokuwa, mama."

"Kwani mimi huwa nasemaje?"

Mwenzake akaja, dada mpole mwenye miwani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akauliza kwa adabu marehemu alifariki vipi. Redio alimtazama mgeni wake, alivyopigwa na jua, alivyotega sikio, na ulimi ukashika njia uliyoizoea. Yule dada alicheka penye kuchekwa, akafuta macho penye machozi, akaandika. Akavuka kwa seremala, naye akathibitisha na kuipamba meza yake kidogo. Akaingia nyumba iliyofuata, na iliyofuata. Kote marehemu walikuwa wamekwenda vizuri.

Siku ya kuwasilisha kazi chuoni, wakazi walialikwa. Redio alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akakaa mstari wa mbele na majirani zake, akimwonyesha kila anayepita kwamba yule pale mbele ni wake. Ramani ilikuwa ukutani, pana kama shuka, imechomekwa pini zenye vichwa vya rangi.

Binti alieleza bila kumtazama mama yake. Pini nyekundu ni mtu aliyefariki akisubiri gari au akiwa njiani. Pini nyeupe ni aliyefariki nyumbani kwa utulivu, ambaye gari lisingembadilishia kitu.

Redio alianzia barabara kuu, akashuka kwa macho kama anavyofuata mshono, akageuka panapogeukwa, akaufikia uchochoro wao. Ulikuwa mweupe. Mwanzo mpaka mwisho hakuna hata nyekundu moja. Mtu angedhani ndiko kwenye watu wenye afya kuliko mji mzima. Nyekundu zilijaa ng'ambo ya pili, na mstari mnene wa njia ya kupanuliwa ulipita huko.

Kwanza alidhani binti amekosea rangi. Halafu akaelewa.

Ofisa wa manispaa alipouliza kama kuna mwenye neno, alisimama.

"Mume wangu hakulala," alisema. "Ilikuwa mchana. Gari la wagonjwa lilibaki barabarani, halikuweza kuingia. Tuling'oa mlango tukambeba juu yake. Kwenye kona mlango haukupita. Tukauinamisha, akateleza. Alikuwa ameniambia nisimwachie, na mikono yangu ilikuwa imechoka. Alifia hapo chini."

Majirani zake walishtuka. Hawakuwahi kumsikia akisimulia kitu kifupi namna ile.

Ofisa alipekua karatasi zake. "Pole sana, mama. Lakini ulipohojiwa ulisema vingine, na majirani wako wakasema hivyo hivyo." Akawageukia. "Nani alikuwepo?"

Redio alimtazama seremala. Mlango ule uling'olewa nyumbani kwa seremala. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Seremala aliinuka taratibu, kofia mkononi.

"Mkuu, msimlaumu shemeji yangu. Majonzi humrudia. Marehemu alilala tu. Tulikuwa tunaongea."

"Shemeji," Redio alinong'ona. "Sema."

"Kaa chini, shemeji," seremala alimjibu kwa upole, karibu na sikio. "Tulishamsitiri. Hatuwezi kumvua nguo leo mbele za watu."

Majirani wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, macho yao yamejaa huruma. Mwanamke wa nyumba ya jirani alimshika kiganja, akamkalisha.

Msimamizi wa upande wa afya akamuuliza binti kama ana la kuongeza. Binti alikuwepo siku ile; alishika miguu. Lakini kanuni aliyojifunza kwenye jengo moja ilimkataza kuwa shahidi wa nyumba yake, na aliyojifunza kwenye jengo la pili ilimwambia kwamba ramani ikitiwa shaka kona moja, hutiwa shaka yote. Ng'ambo ya pili nako watu walikuwa wakibebwa juu ya milango. Nao wangekosa njia.



"Asante kwa mchango wako, mama," alisema, kwa sauti ileile aliyowajibia wengine wote, kisha akamnyooshea mkono mwenye swali linalofuata.

Baadaye wasimamizi wote wawili walimpongeza, kila mmoja kwa upande wake. Ukumbi ulipobaki mtupu, alikuja kukaa karibu na mama yake.

"Ulijua tangu lini?" Redio aliuliza.

"Tangu mwenzangu aliponiletea majibu."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia ubadilishe, ningekuwa nakufundisha la kusema. Wangeifuta kazi yote."

"Na mama yako mdogo, moyo ukimbana, tutambeba na nini?"

Binti alikuwa akizungusha pini moja iliyobaki kati ya vidole vyake, mpaka Redio akamnyang'anya asije akajichoma.

"Miaka yote hiyo hukunikatiza hata siku moja," Redio alisema. "Ungeniambia tu, mama, acha kupiga chuku. Mimi ni mtu wa kuambiwa hivyo kila siku."

"Ulikuwa unasimulia vizuri," binti alisema. "Nikikusikiliza nilikuwa nasahau kwamba nilimshika miguu."

Redio alifungua mdomo, kama ilivyokuwa kawaida yake, atafute la kumchekesha mtoto. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaufunga.