Kiti cha Mwenye Ndala

Jumatatu saa nne asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Buhembe, Joviana alichora mstari wa chaki ukingoni mwa jukwaa, kisha akaita majina. Mchezo wake ulihusu wanaume wasio na kitu, walalao kwenye baraza za maduka, naye alitaka waucheze wenyewe. Kyaruzi alipanda, akavuka chaki, akaanza kuonekana: kwanza ndala, kisha magoti, mwisho uso. Alikuwa hajaonekana kwa miaka sita.

"Kumbe ni wewe?" akauliza Burhani, mchukuzi wa sokoni, aliyekuwa ametangulia kuonekana. "Tumelala baraza moja muda wote huu, bwana, nami nikidhani jengo ndilo linalokoroma."

Joviana akawasihi wasivuke chaki ovyo, maana mazoezi yalikuwa yamechelewa.

Kyaruzi alitoweka siku ambayo kaka yake, Anatory, alikiandikisha kibanja cha baba yao huko Kamachumu, migomba, nyumba na makaburi, kwa jina lake peke yake. Wazee wa ukoo walishuhudia, wakala, wakanawa. Kyaruzi alikuwepo. Alinyoosha mkono aombe kusema, mpaka ukafa ganzi. Hivyo aliposikia kwamba mchezo utapelekwa Kamachumu, alikariri maneno yake yote kwa siku mbili. Alitaka Anatory amwone.

Siku ya mchezo huko Kamachumu, Anatory alikaa safu ya mbele, amevaa koti la kanisani. Kyaruzi alimtazama machoni, akatamka: "Kaka, nipe hata pa kuzikwa." Anatory alilia. Mchezo ulipokwisha alisimama, akazilaani hadharani familia zinazotupa ndugu zao.

"Binti yangu," akamwambia Joviana, "yule mwenye ndala aje kwangu kesho, ale. Amenigusa. Ana hata sura ya kwetu."

Kyaruzi alikwenda. Alipita katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, akaketi kwenye kiti alichoandaliwa. Ephrasia, mke wa Anatory, akapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Asiyepewa huhesabiwa hajafika. Kikapu kilipita juu ya magoti ya Kyaruzi bila kusimama.

"Kaka, ni mimi."

Anatory akatazama saa. "Wasanii hawa," akasema. "Ukiwaheshimu, hawatokei."

Ndizi zikapoa. Ephrasia akazirudisha jikoni, na kiti akakiegemeza ukutani mara tu Kyaruzi alipoinuka.

Jumapili mchezo ulirudiwa kwa maombi ya Anatory, aliyekuja na wale wale wazee wa ukoo. Joviana alichora chaki upya. Kyaruzi akaonekana, akaomba pa kuzikwa, na wazee wote wakapangusa macho. Ndipo Anatory akaja na kikapu cha kahawa mpaka jukwaani, akakiweka ukingoni, nje ya mstari.

Kyaruzi akanyoosha mkono kukichukua. Ukatoweka kuanzia vidole hadi kiwiko, na ukumbi mzima ukapiga makofi.